Otopailoti ya Mashua Iliyopanda Mlima

Vijana wa karakana, siku mliponiaga mlinipa blanketi na daftari, mkaniambia niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Blanketi linatumika. Daftari ndilo hili. Sitaandika nilipandishwa daraja lini wala nani aliniruka cheo. Hayo yamo kwenye faili langu, kama panya hawajalifikia. Nitaandika ya siku ya kwanza, kidogo ya katikati, kisha nitakaa sana kwenye kazi yangu ya mwisho, ile mliyokuwa mnanicheka mkidhani sisikii.

Nilizaliwa Kitahana, kwa wakulima wa maharage na mihogo. Nilipomaliza chuo cha ufundi nilipangiwa karakana ya Kibondo kuwa fundi umeme, mwanamke peke yangu kati ya wanaume tisa na bata mmoja wa mlinzi. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, maana mama alisema mtu haendi serikalini na ndala. Mkuu wa mafundi alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Ujiji, mfupi, mwenye kofia isiyotoka kichwani. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Binti, umekuja kufunga umeme au kufunga ndoa?"

Wote wakacheka, hata bata akapiga kelele. Mzee Shabani akanipa buti za mpira namba tisa, mimi navaa sita, na kwa mwezi mzima nikawa natembea ndani ya viatu kabla viatu havijatembea. Lakini ndiye aliyenifundisha kazi. Kabla hajafungua sanduku la spana, alikuwa anamwuliza mwenye kifaa maswali mpaka mtu anaudhika. Nakumbuka mwenye duka mmoja alitaka jenereta kubwa kuliko zote wilayani. Mzee akamwuliza itaendesha nini. Ikabainika ni balbu mbili na redio. "Basi, mwanangu," Mzee akamwambia, "hiyo jenereta utaisikia wewe kuliko redio."

Baadaye nilifanya kazi Mtendeli, enzi kambi ya wakimbizi imejaa. Kazi yangu ilikuwa pampu za maji na friji za chanjo. Friji moja ilinitesa miezi miwili: kila Ijumaa asubuhi tunaikuta ina joto. Nilibadilisha fyuzi, nikabadilisha plagi, nikaandika ripoti ndefu kuhusu kupanda na kushuka kwa volti, ripoti nzuri kweli, imejaa uongo nisioujua. Mwishowe nikachoka kupima nikaenda kukaa kwenye benchi mbele ya friji Alhamisi nzima. Saa kumi alasiri akaja mwalimu wa kwaya, akanisalimia kwa heshima, akachomoa friji, akachomeka pasi, akaanza kunyoosha mashati kumi na manane. Kumbe kila Alhamisi friji alikuwa anairudishia plagi usiku, mazoezi yakiisha. Alikuwa hajui kilichomo ndani. Alidhani ni soda za wakubwa.

Tangu siku hiyo nikamwelewa Mzee Shabani. Mita inakuambia umeme umeishia wapi. Haikuambii Alhamisi kuna mazoezi ya kwaya.

Kutoka hapo nikahamishiwa karakana yenu ya hospitali, Kasulu, na huko ndiko nilikokutana na Daktari Mwaisaka, bingwa wa upasuaji. Ni Mnyakyusa wa Kyela, mrefu, mpole, mwenye mikono ambayo wauguzi walikuwa wanaisifia kama watu wanavyosifia sauti ya mwimbaji. Alasiri moja ya mvua kubwa, mawingu yameziba madirisha yote, umeme ukakatika akiwa ameshamfungua mama mjamzito tumbo. Jenereta ikawaka, ikakohoa, ikazima. Nilikimbia kwenye gari la wagonjwa, nikang'oa betri na taa moja ya mbele, nikavishwa gauni la kijani juu ya ovaroli, nikasimama pale nimeinua taa hadi mkono ukafa ganzi. Daktari hakunitazama hata mara moja. Alisema tu, "Mama Fundi, kushoto kidogo. Hapo. Usipumue sana."

Mtoto alitoka analia, mama yake akapona, na gari la wagonjwa likatembea wiki nzima na jicho moja. Nawasimulia hili mjue kwa nini sikuweza kumwambia mtu huyu hapana.

Mwaka wake wa mwisho kazini, Daktari alipata kiharusi kidogo. Alipona, anatembea, anaongea, anabisha. Ila mkono wa kushoto ulibaki mzito, vidole vinachelewa kufika. Aliweka kisu chini yeye mwenyewe, hakungoja kuambiwa. Tukadhani atakaa nyumbani apumzike, afuge kuku kama wastaafu wenzake. Yeye akanunua mashua.

Nasema mashua, msifikirie mtumbwi. Ilikuwa mashua ya matanga, ya faiba, mita kumi na moja, yenye vitanda, jiko, choo na gurudumu la usukani kama la lori. Ilikuwa ya mume na mke wageni waliokuwa wakiishi Kigoma, wakazeeka, wakarudi kwao. Mtu mwenye akili angeiacha ziwani. Lakini Daktari alikuwa na kliniki ya mazoezi ya mkono Kasulu, na mkewe alikuwa bado anafundisha, kwa hiyo akaipandisha mlimani kwa semitrela ili aikarabati uani kwake, nyuma ya nyumba za watumishi. Ilipita mjini siku ya gulio. Wauza ndizi walisimama. Mchungaji mmoja alimfuata Daktari kando, akamwuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo kuhusu mvua za mwaka huu ambalo watu wa hospitali wameambiwa na wengine hawajaambiwa.

Wiki ya pili Daktari akaniita.

"Mama Fundi, nataka otopailoti."

"Ya ndege?"

"Ya mashua. Mashine inayoshika usukani yenyewe. Unaiambia uelekeo, inafuata dira, wewe unakunywa chai."

"Daktari, mimi ni wa Kitahana. Maji mengi niliyowahi kuyaona mahali pamoja ni tangi la hospitali."

"Unajua mota, unajua betri, unajua kuuliza maswali ya kuudhi," akasema. "Kilichobaki ni maji tu, nayo yatakuwepo hata usipoyajua."

Mkewe, Mwalimu Subilaga, alikuwa kibarazani anasahihisha mitihani ya jiografia. Ni mwanamke mnene wa wastani, mwenye kalamu nyekundu na maneno machache. Akaiweka kalamu.

"Mama Fundi, nikueleze mimi. Huyu anataka twende wawili tu, Kigoma mpaka Kasanga, ziwa zima kuelekea kusini, halafu tushuke nyumbani Kyela kwa gari. Mkono wake mmoja umechoka. Mimi sijawahi kushika hata usukani wa baiskeli. Nikiiona hiyo mashine kwa macho yangu inashika mashua, nakwenda. Nisipoona, tutatoboa madirisha tufugie kuku humo."

Nilidhani Daktari atacheka. Alitazama chini kama mgonjwa aliyesomewa majibu. Nikaelewa kwamba mtu huyu ameshapoteza chumba cha upasuaji, na kilichobaki mkononi mwake ni hiki. Nikaomba chai, nikaanza kuuliza maswali.

Alikuwa na karatasi nyingi alizochapisha, zenye picha za watu wamevaa miwani ya jua, wanatabasamu, hawana shida na mashine yoyote. Nilizisoma wiki mbili. Ukiondoa tabasamu, kulikuwa na aina tatu. Ya kwanza inafungwa kwenye gurudumu lenyewe na kulizungusha kwa mkanda, kama mkanda wa cherehani. Ni nyepesi na rahisi kufunga. Ya pili inakaa chini, imejificha nyuma, ina mkono wa chuma unaosukuma mhimili wa usukani moja kwa moja. Ina nguvu, lakini inakula umeme. Ya tatu haitumii umeme kabisa. Inaning'inizwa nyuma ya mashua, inausikiliza upepo kwa kibao, na nguvu inaipata kwa maji yanayopita. Hiyo nilitaka kuipenda, kama fundi yeyote anavyopenda kitu kisicho na betri. Ila Daktari akaniambia ziwani kuna saa nyingi upepo unakufa, wanatembea kwa injini. Upepo ukifa, kibao nacho kinalala.

Kulikuwa na ya nne, lakini hiyo ilikuwa ya Bwana Hamadi. Bwana Hamadi ana duka la redio na sola mjini Kasulu na ndugu zake wako Dar es Salaam. Alitupigia simu kwa ndugu yake, akaweka sauti kubwa duka zima lisikie.

"Chukueni kubwa kabisa," simu ikasema. "Ina kioo kama televisheni. Inakuonyesha mpaka samaki."

"Tunataka ishike usukani," nikasema.

"Usukani pia inashika," simu ikajibu, kama mtu anayetupa nyongeza.

Macho ya Daktari yalishaanza kung'aa. Nikamtoa dukani kabla hajasema neno.

Swali langu la kwanza lilikuwa la Mzee Shabani. "Mashua ina uzito gani?"

"Tani sita. Imeandikwa kwenye cheti."

"Tupu au imepakiwa?"

Akanielekeza kwa mkewe. Basi, nikaenda kukaa na Mwalimu alasiri mbili, tukaandika kila kitakachoingia. Maji, lita mia tatu. Dizeli. Betri nne. Nanga mbili na minyororo yake. Hapo bado tulikuwa watu wa kawaida. Kisha Mwalimu akafungua ukurasa mwingine. Unga, magunia mawili. Maharage ya Nyakitonto, gunia, kwa sababu ya Kyela hayaivi kama haya. Cherehani ya chuma. Pasi ya mkaa. Vitabu, masanduku saba. Kinu na mchi.

"Kinu cha nini ziwani?" Daktari akauliza kutoka mlangoni.

"Cha kutwangia."

"Kutwanga nini, mama?"

"Kisamvu. Au sasa hukitaki?"

Daktari akarudi ndani. Mimi nikaendelea kuandika, na ilipofika kabati la vyombo nikaelewa kwamba hawa watu hawaendi matembezi. Wanahama, ila hawajaambiana. Nilipojumlisha, mashua ya tani sita ilikuwa inakaribia nane. Otopailoti ya mkanda mwisho wake ulikuwa tani sita, tena ziwa likiwa na adabu. Ikaondoka. Ile ya Bwana Hamadi ingeweza kusukuma meli ya abiria, lakini sola mbili za mashua zisingeilisha mpaka saa sita mchana. Nayo ikaondoka. Tukabaki na ya mkono wa chuma, saizi ya kati, iliyoandikiwa tani kumi.

Hapo msikilize, vijana, hata kama hamtafunga otopailoti maisha yenu yote. Watu wengi wanachagua mashine kwa urefu wa chombo, kwa sababu urefu unaonekana. Angalieni uzito uliopakiwa, pamoja na kinu, kisha mwache nafasi juu. Na mashine ya namna hii haili sana ikiwa imetulia, inakula ikisukuma. Matanga yakipangwa vibaya mashua inavuta upande mmoja kama ng'ombe mkaidi, mashine inapigana nayo kutwa nzima, jioni betri zimekufa na watu wanamlaumu fundi.

Sanduku lilifika na basi, likiwa limekaliwa na mtu. Kuifunga kulinichukua siku tano. Mahali pa kuifunga ni shimo nyuma kabisa, chini ya viti, ambapo mtu anaingia kichwa na mabega na kubaki miguu nje. Wauguzi wakipita kwenda zamu walikuwa wanaisalimia miguu yangu. "Shikamoo, Mama Fundi," wanasema, na mimi nawajibu marahaba nikiwa na bisibisi mdomoni.

Kisha ikaja dira. Hii mashine ina dira yake ya umeme, kisanduku kidogo, inatakiwa ikae katikati ya mashua, chini, mbali na chuma. Nikaifunga chini ya kitanda. Tulipoiwasha ikatuonyesha kwamba kaskazini iko sokoni. Nikaizima, nikaiwasha. Kaskazini ikahamia mochwari.

"Mwalimu," nikaita, "wewe ndiye wa jiografia. Kaskazini iko wapi hapa?"

Akanyoosha kalamu nyekundu kuelekea barabara ya Kibondo bila hata kuinua kichwa. Nikarudi chini, nikainua godoro. Chini ya kitanda, sentimita chache kutoka kwenye dira, palikuwa na cherehani na pasi ya mkaa. Alikuwa ameanza kupakia.

"Niliona pana nafasi," akasema.

Tulihamisha chuma chote mbele, karibu na mlingoti, na dunia ikarudi mahali pake.

Siku ya majaribio ya nchi kavu uani kulijaa watu. Mashua imesimama kwenye magogo, Daktari juu, kwenye gurudumu, amevaa kofia, mimi kichwa shimoni naangalia mkono wa chuma. Daktari alikuwa anabonyeza, na lile bapa la usukani huko nyuma linageuka hewani.

"Kulia digrii kumi!" anapaza sauti. "Imekwenda?"

"Imekwenda!"

"Kushoto digrii kumi! Imekwenda?"

"Imekwenda!"

Watu wakapiga makofi. Kisha nikaona kwenye mita umeme unapanda kupita kawaida, ampea tatu, nne, tano, na nje kukatokea kelele. Nikajitoa shimoni. Mlinzi wa hospitali, Mzee Ntiruhungwa, alikuwa amemfunga mbuzi wake kwenye bapa la usukani tangu asubuhi, kwa sababu kwa maoni yake lile lilikuwa nguzo nzuri kuliko zote uani. Otopailoti ilikuwa inamvuta mbuzi kushoto. Mbuzi alikuwa na mawazo ya kulia. Alikaza miguu yote minne, akachimba mifereji, na bado akawa anakwenda kushoto, polepole, kwa digrii kumi kamili.

"Zima!" Mzee Ntiruhungwa akapiga kelele. "Zima, ana mimba!"

Daktari akazima. Mbuzi akasimama, akajikung'uta, akala karatasi ya maelekezo. Hakuumia, na alizaa mapacha mwezi uliofuata. Nami nikaandika kwenye daftari langu la kazi: imevuta mbuzi mkubwa, ampea tano nukta mbili, fyuzi imehimili. Najua mlikuwa mnausoma ukurasa huo mkipita. Ni kipimo halali.

Mwalimu alitazama yote kutoka kibarazani. "Nimeona inavuta mbuzi," akasema. "Nasubiri nione inashika mashua."

Tuliishusha Kigoma kiangazi kilichofuata. Kreni ya kukodi ikaiweka majini, ikaelea, nikashangaa peke yangu, maana kwa siku zote nilizoijua ilikuwa nyumba. Asubuhi iliyofuata tukatoka ghubani watu watatu: Daktari, Mwalimu na mimi. Nilivaa jaketi la kuokolea, nikafunga mkanda wa pili juu yake, nikashika chuma ambacho hakikuwa kinahitaji kushikwa.

Kwa nusu saa mambo yalikuwa mazuri. Matanga yakajaa. Daktari alikuwa kwenye gurudumu kwa mkono wake mmoja mzuri, na uso wake sikuwahi kuuona hivyo. Alikuwa anafanana na picha yake ya shule iliyo sebuleni kwao. Kisha akasema, "Haya, Mama Fundi," akabonyeza kitufe, akaachia.

Mashua ikapepesuka kidogo kulia, kama zinavyofanya zote. Otopailoti ikasikia, ikasukuma ili kuirudisha. Mashua ikazidi kwenda kulia. Mashine ikasukuma zaidi. Mashua ikazidi zaidi. Matanga yakapiga kishindo, tukalala upande, vikombe vikaruka jikoni, na mbele yangu, badala ya ziwa la wazi, nikaona mitumbwi ya wavuvi na nyavu zao, na wavuvi wenyewe wamesimama wakitupungia kwa namna isiyokuwa salamu.

Nikapiga kelele kwa lugha ya mama yangu. "Mawe! Mawe we!"

Sasa, kwetu mpakani, kwa Kiha, mawe ni mama. Ukishtuka unamwita mama, kama watu wote duniani. Lakini Daktari ni Mnyakyusa, na alisikia Kiswahili.

"Mawe wapi?" akafoka. "Upande gani?"

"Mawe we!"

"Nimesikia, ni upande gani?"

Akalirukia gurudumu ili kulikwepa jiwe ambalo halipo, lakini mashine ilikuwa bado imeshika, na kwa mkono mmoja hakuweza kushindana nayo. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Nikaona mkono wa kushoto unajaribu kusaidia, vidole vinateleza kwenye gurudumu, na macho yake nikashindwa kuyatazama. Mimi ndiye niliyesema tani kumi. Ingeweza kumvuta yeye kama ilivyomvuta mbuzi.

Ndipo Mwalimu Subilaga aliposimama. Alitembea kama anayekwenda ubaoni, akabonyeza kitufe chekundu cha kuachisha, akashika gurudumu kwa mikono miwili, akamsukuma mumewe kando kwa nyonga. "Toka, baba," akasema. Akaangalia mitumbwi, akaangalia tanga, akageuza. Tulipita kando ya nyavu, karibu kiasi cha kusikia wavuvi wanatuita nini. Sitaandika.

Tulipotulia, Daktari akauliza tena, "Hayo mawe yalikuwa wapi?"

Nikamweleza. Akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshajua kosa ni la nani. Siku ile Kasulu, nikiwa shimoni, nilikuwa nimelala kifudifudi nikitazama nyuma. Kulia kwangu kulikuwa kushoto kwa mashua. Kila Daktari aliposema kulia nikaona mkono unakwenda kulia, nami nikajibu "Imekwenda!" kwa kujiamini kabisa. Kweli ilikwenda, ila upande wa pili. Nchi kavu mashua haisogei, kwa hiyo hakuna cha kukukosoa. Miaka yote kazini, nikaunganisha nyaya mbili kinyume kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Nimekosea mimi," nikasema. "Nyaya mbili. Nipe dakika kumi."

Zilikuwa dakika arobaini. Niliingia shimoni kichwa chini, ziwa likinichezesha, harufu ya dizeli puani, na ndoo ya plastiki karibu. Nilifungua waya mmoja, nikatapika, nikafungua wa pili, nikatapika, nikazibadilisha, nikakaza. Hakuna kitabu cha ufundi kinachokuambia ushike wapi plaizi wakati huo. Mimi nawaambia: kwenye kwapa.

Nilipotoka, Mwalimu alikuwa bado ameshika gurudumu. Nikamwambia nimemaliza, aachie. Akasema subiri tupite ile ncha ya mlima. Tukaipita. Akasema subiri kidogo. Daktari akamkumbusha kwamba tumekuja kujaribu mashine. Akaachia, kidole kimoja kimoja.

Otopailoti ikashika. Mashua ikapepesuka kulia, mkono wa chuma chini ukanong'ona, ikarudi. Ikapepesuka kushoto, ikarudi. Nyuma yetu mkia wa povu ulinyooka kama uzi wa fundi mwashi. Daktari alichemsha chai, akamimina vikombe vitatu kwa mkono wa kulia, na kimoja akakibeba kwa mkono wa kushoto, polepole sana, kutoka jikoni mpaka kwa mkewe. Nusu ilimwagika. Mwalimu akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, akasema, "Nakwenda."

Waliondoka Kigoma wiki iliyofuata na kinu chao. Mimi nikastaafu, mkanipa blanketi, nikarudi Kitahana. Kwa siku nyingi sikupata habari, na sitawaficha, nilikuwa naamka nikifikiria zile nyaya mbili. Nilizikaza kweli? Niliweka fyuzi sahihi? Nilikuwa naweka jembe chini katikati ya tuta na kufunga skrubu hewani.

Alasiri moja, niko shambani, simu ikalia. Ilikuwa Mwalimu, na nyuma yake nikasikia maji.

"Mama Fundi, shikamoo. Tuko Kirando. Tumefika salama."

"Marahaba, Mwalimu. Mashine inafanya kazi?"

Nikaweka jembe chini.

"Inafanya," akasema. "Ila tuliizima siku ya pili. Usikasirike. Nimefundisha ramani miaka thelathini na mbili, Mama Fundi, kila mwaka nachora ziwa hili ubaoni kwa chaki, sijawahi kulishika. Sasa nimelishika. Siwezi kuiachia mashine."

Nikamwambia sijakasirika. Nilikuwa nimekasirika kidogo, kama dakika moja, nikikumbuka ile ndoo.

"Na Daktari hachukui zamu apumzishe mikono yako?"

"Anaomba, namnyima. Daktari sasa anapika. Anasema kusonga ugali ni mazoezi ya mkono. Mashine yako tunaiwasha mchana na jioni, nikishuka kumwonyesha namna ya kuusonga."

"Na ukishuka, inashika njia vizuri?"

"Inashika sawasawa, Mama Fundi," akasema Mwalimu Subilaga. "Ugali ndio haushiki."